Mbegu Iliyolala Darini

Tulimzika Mama Kemunto siku ya Alhamisi, huko Sigor, katika shamba alilolima miaka mingi kama mpangaji kabla ya kulinunua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika, na miguu ya viti vya plastiki ilikuwa ikizama kwenye matope kila mtu alipojisogeza. Mjukuu wake mkubwa alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye simu. Alipofika mahali pa mahindi, akainua sauti: "Nyanya alikuwa mtu wa kwanza hapa kuvuna kwa ile mbegu yenye bakteria wa udongo. Msimu huo mahindi ya wenzake yote yalioza, yake peke yake yakasimama, kwa sababu alikuwa mwanamke wa maombi." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani, nikajiuma ulimi. Maombi alikuwa nayo, sikatai. Nilimsikia mwenyewe akibariki chai kwa Kikisii mpaka chai ikapoa. Lakini mahindi yake hayakusimama kwa sababu hiyo. Yalisimama kwa sababu alichelewa kufika mkutanoni. Wale wenzake waliovuna uozo walifika mapema, wakakaa vizuri, wakanisikiliza mimi.

Nimestaafu sasa. Nina ng'ombe wawili, majani ya chai ya kunitosha, na vijana wa kituo hunipigia simu kuniuliza mambo ambayo yameandikwa kwenye vitabu vyao. Wengine huniita Daktari, na nikiwa na haraka siwasahihishi. Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne, na kazi ya kibarua ya kuosha vyombo katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao upande wa Kedowa. Maabara yenyewe ilikuwa stoo ya zamani iliyogawanywa kwa mbao. Upande mmoja kulikuwa na meza ndefu, friji moja iliyonguruma, na jiko la makaa la kutumia stima ikipotea, na stima ilipotea sana. Upande wa pili kulikuwa na meza mbili za ofisi. Mbao za katikati zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hivyo siri haikukaa katika jengo lile. Baridi ya Kedowa iliingia kupitia chini ya mlango, na sisi tulifanya kazi tukiwa tumevaa sweta ndani ya koti jeupe.

Chumba kile kilinuka viazi. Kuvu inayoozesha mahindi hupenda supu ya viazi, na ukitaka kuikuza ndani ya sahani za kioo uisome vizuri, lazima uipikie. Tulimenya viazi, tukavichemsha, tukachuja maji yake, tukatia sukari na unga wa kugandisha, tukapika tena kwenye sufuria ya presha mpaka kila kijidudu kife, kisha tukamimina kwenye sahani. Viazi vyenyewe vilibaki. Daktari Makokha, bosi wetu, aliweka sheria siku yangu ya kwanza: "Supu ni ya kuvu, viazi ni vya watu." Tulivila kwa chumvi na pilipili, tumesimama kando ya jiko, dereva na mlinzi wakija na vikombe vyao vya chai. Nimekula katika hoteli za kila namna tangu wakati ule, nikihudhuria mikutano, na bado naona hakuna chakula kilichowahi kuninenepesha kama vile viazi.

Daktari Makokha alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu unyamaze ili umsikie. Alikuwa na ugonjwa wa kuokota udongo. Alikuwa ameona shamba la mzee mmoja jirani na kituo, mzee aliyepanda mahindi mahali pamoja mwaka baada ya mwaka bila kubadilisha, na hayakuoza, ilhali ya jirani zake yalikuwa yakigeuka manjano yakiwa bado marefu kama goti. Daktari akauchukua udongo ule kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akauosha kwa maji safi, akayapaka maji yale kwenye sahani zangu, akaanza kutenganisha bakteria mmoja mmoja. Siku moja aliniita nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Katikati ya sahani alikuwa ameweka kuvu, na pembeni, kwenye mstari mmoja, bakteria wa yule mzee. Kuvu ilikuwa imetambaa pande zote, nyeupe yenye wekundu kidogo, isipokuwa upande ule. Hapo ilisimama, ikaacha nafasi tupu, kama ng'ombe waliofika kwenye ua. "Cheptoo, unaona nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Naona kuvu imeogopa." Alicheka, kisha akaandika kwenye daftari lake. Mimi, mwosha vyombo, nilirudi kwenye karai langu nikitembea wima. Kuanzia siku hiyo sikuosha sahani hata moja hivi hivi. Niliangalia kila moja kwanza.

Ugonjwa ulikuwa mbaya zaidi chini huko Sigor kuliko kwetu. Miche ilioza mizizi, iliyopona ikaanguka ikiwa imebeba, na gunzi ukilimenya ulikuta punje zimeota kuvu ya rangi ya waridi. Wanawake walichagua nzuri za ugali na zilizobaki wakawapa ng'ombe, na mara nyingine ng'ombe wenyewe walikataa. Daktari aliamua tuzivike mbegu bakteria wetu, ili mche ukitoa mzizi ukute walinzi tayari wapo. Tulikausha udongo mweusi wa kinamasi, tukauchekecha mpaka ukawa kama poda, tukauchemsha ili usiwe na wenyeji wengine, tukautilia bakteria. Kisha tulichanganya na mahindi ya mbegu kwa maji ya sukari guru ili ishike. Mbegu zilitoka nyeusi kabisa. Nilizifunga kwa mikono yangu kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, kila mama mfuko wake, pamoja na mfuko wa mbegu tupu ya kupanda kando yake kwa kulinganisha.

Daktari hakujua Kikipsigis, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa kinywa chake. Mkutano ulikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, Sigor, na wanawake sita walifika kabla yetu, wakiongozwa na Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, mwanamke mnene mwenye jicho la kukagua. Daktari alisema, "Waambie mbegu hii imevikwa viumbe hai. Ni vijidudu vidogo sana, vizuri, vinapigana na kuvu." Nilifungua mdomo, nikafikiria. Mama gani wa Sigor atapokea mbegu yenye wadudu, wakati maisha yake yote anapigana na wadudu wa mahindi? Nikawaambia kwa Kikipsigis kwamba mbegu imepakwa dawa. Wote wakafurahi. Daktari akaona nyuso zao, akafurahi pia, akatoka nje kumsaidia dereva kushusha fimbo za kupimia. Hapo ndipo Bot Chelangat akauliza, "Na mvua haijafika. Hii tutaweka wapi?" Mlango ulikuwa wazi. Daktari alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu. Ningeweza kumwita. Lakini walikuwa wananiangalia mimi, mtoto wa rika la binti zao, na nikajisikia afisa kamili. Nikasema, "Wekeni pale mnapoweka mbegu zenu za maana."

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua mahali hapo. Ni darini, juu ya moto wa jikoni, penye joto na moshi mchana kutwa. Mbegu iliyokaa pale haiguswi na dumuzi, na mama mwenye dari jeusi ni mama mwenye akili. Wanawake walitikisa vichwa kukubali, na mimi nikatikisa changu. Tulikuwa tumeanza kufunga mkutano kwa maombi Mama Kemunto alipoingia na kikapu cha ndizi kichwani, jasho likimtoka, akitoka sokoni. Alikuwa amehamia pale kutoka Kisii, amekodi shamba nyuma ya kituo cha biashara, na Kikipsigis alikuwa hajui zaidi ya salamu. Wenzake wakacheka. "Huyu hata mbinguni atafika maombi yakiisha," mmoja akasema. Nilimpa mfuko wake kwa Kiswahili, nikamwambia, "Hii ni ya kupanda mvua ikija, mama," na sikuongeza neno kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi.

Mvua ilichelewa karibu wiki tatu. Ilipokuja, wakapanda. Tuliporudi mahindi yakiwa yamefika magotini, nilishuka kwenye pikapu nikiwa nimevaa koti langu jeupe makusudi, ili wanawake wanione. Shamba la kwanza lilikuwa la Bot Chelangat. Mistari ya mbegu yetu na mistari ya mbegu tupu ilikuwa sawasawa, manjano kwa manjano, na miche ukiivuta inatoka bila ubishi, mizizi ikiwa ya kahawia na laini. Shamba la pili vile vile. Mpaka la sita. Daktari alikuwa akiandika, kisha akaacha kuandika. Shamba la saba lilikuwa la Mama Kemunto. Mistari ya mbegu tupu ilikuwa imeoza kama ya wenzake. Mistari ya mbegu nyeusi ilikuwa imesimama kijani, na nilipong'oa mche mmoja ilibidi nitumie mikono miwili. Mizizi yake ilikuwa myeupe. Mama Kemunto alipiga makofi akiwa na jembe begani. Wanawake wengine, waliokuwa wametufuata nyuma, hawakupiga. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwa Kikipsigis, "Umeona? Wenyewe wamepewa makapi, mgeni amepewa mbegu." Miaka ile neno mgeni halikuwa la mzaha. Kulikuwa na watu waliofukuzwa mashambani wakalala nje kwa sababu ya neno hilo, na Mama Kemunto, ingawa hakuelewa lugha, aliielewa sauti. Aliacha kutabasamu akaingia ndani.

Jumanne iliyofuata nilikuwa nimesimama kando ya jiko nikila viazi, Daktari na mkuu wa kituo wakiongea upande wa pili wa mbao. "Kwenye sahani wanafanya kazi, shambani wanakufa," Daktari alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Shamba moja kati ya saba ni bahati. Labda udongo wa yule mama ni tofauti." Mkuu akasema, "Basi funga. Ile friji watu wa viazi wanaihitaji." Daktari akasema, "Ijumaa naandika ripoti. Sahani zote nitachemsha." Mkuu akauliza, "Na yule msichana?" "Alikuja na hii kazi," Daktari akasema, "ataondoka nayo." Niliweka kiazi chini. Nitakuwa mkweli, jambo la kwanza nililofikiria si mshahara. Nilifikiria wale bakteria wa mzee ndani ya friji, kwenye vichupa nilivyoviandika majina kwa mkono wangu, wakitumbukizwa kwenye maji ya moto. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kuvu ikisimama. Nilijua kwamba kuna kitu hakijaelezwa, na ilinikasirisha kwamba watu wawili wenye digrii wameridhika kukiita bahati.

Jumatano Daktari alinituma Sigor na dereva kuchukua mizizi ya mwisho. Mvua ilitukuta kwa Bot Chelangat, na akaniingiza jikoni, mimi peke yangu, dereva akibaki kwenye gari. Sikutegemea anikaribishe vizuri, lakini mgeni aliyenyeshewa ni mgeni aliyenyeshewa. Alinimiminia mursik kwenye kikombe, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakachacha vizuri, yenye madoa meusi ya mkaa wa kibuyu, akaniwekea ugali wa wimbi uliotoka motoni. Alisema tu, "Kula. Mahindi hatuna." Nilikula nikiwa nimeinamisha uso, na moshi uliponiuma nikauinua. Juu yangu kulikuwa na dari la fito, jeusi la kung'aa, na magunzi ya mbegu yamefungwa mawili mawili. Kando ya magunzi, umekunjwa kwa heshima mara nne, kulikuwa na mfuko wangu wa kaki. Mama yule alikuwa ameuhifadhi hata baada ya kupanda. Karatasi ilikuwa imekauka na kugeuka rangi ya chai ya rangi. Niliinua mkono nikaigusa, nikaona jinsi palivyokuwa moto, na nikaweka kikombe chini. Sisi tuliokuwa tukipika kila kitu kwenye sufuria ya presha ili vijidudu vife, tulikuwa tumewapeleka walinzi wetu wakapikwe wiki tatu. Na aliyewaelekeza jikoni ni mimi.

Nilimwambia dereva anipeleke kwa Mama Kemunto. Alikuwa akiishi katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda, meza, na stovu ya mafuta taa juu ya kigoda. Nilimuuliza kabla sijaketi, "Mama, ile mbegu uliweka wapi kabla mvua ikuje?" Akaniangalia kama mtu anayeshukiwa. "Mbona unauliza? Nilikosea?" Nikamwambia hapana, aniambie tu. "Niliweka kwa nyungu, chini ya kitanda, hapo kwa simiti. Mimi dari sina. Hii nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki hata moto ya kuni. Ningeweka wapi ingine?" Nilikaa kwenye kitanda chake nikaanza kucheka, kisha nikagundua kwamba kilio hakiko mbali. Yeye akafikiri ni njaa, akaniletea ndizi.

Usiku huo, nikiri, nilijipangia hadithi nyingine. Ningeweza kumwambia Daktari kwamba wanawake walikosea kuhifadhi mbegu, basi. Ingekuwa kweli nusu, na watu wa ofisi wamekuwa wakisema nusu hiyo tangu ofisi zianze. Lakini nilikuwa nimeona ule mfuko ulivyokunjwa mara nne. Asubuhi nilimkuta Daktari peke yake, sahani zimepangwa kando ya jiko tayari kwa kuchemshwa. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, dari, moshi, nyungu, na kwamba mimi ndiye niliyewaambia. Alivua miwani. "Nilisema viumbe hai. Wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni dawa."

"Kwa nini?"

"Niliona wakisikia wadudu watakataa."

"Na waliuliza pa kuweka, nikiwa hapo nje?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilitaka nionekane najua." Sauti yangu ilikuwa imepanda juu bila ruhusa yangu. Nilikuwa nimeanza kufungua vifungo vya koti nimrudishie. Akasema, "Ungenyamaza, Cheptoo, nisingejua maisha yangu yote." Kisha akasukuma zile sahani mbali na jiko. "Funga hiyo koti. Sasa umesema tu. Nionyeshe."

Tulikuwa na mbegu nyeusi chache zilizobaki kwenye friji. Nikazigawa. Nusu nilizipeleka kwa mlinzi wetu, ambaye mkewe alikuwa na dari zuri jeusi, nikazining'iniza juu ya moto. Nusu nilizitia kwenye nyungu, nikaiweka chini ya meza ya Daktari kwenye simiti. Ijumaa ikapita bila ripoti. Mkuu wa kituo akauliza friji, Daktari akamwambia angoje. Wiki tatu zilipotimia, Daktari aliniwekea kiti kwenye meza ndefu, mahali pake, akasema, "Fanya wewe." Niliosha mbegu za kila upande kwa maji safi, nikayapaka maji yale kwenye sahani, na kuvu nikaiweka katikati. Sikulala vizuri siku tatu. Siku ya nne tulifungua pamoja. Katika sahani za darini kuvu ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Katika sahani za nyungu ilikuwa imesimama, na nafasi tupu ilikuwa pale pale, safi. Daktari alichukua kalamu, akaandika jina langu juu ya ukurasa wa daftari lake, jina lote, mkono wake wa Bungoma ukipata shida na herufi za majina ya kwetu. Nilipomaliza kuosha sahani jioni ile niligundua nimekuwa nikiimba.

Lakini kulikuwa na Sigor. Daktari alisema angeweza kwenda mwenyewe na mkalimani mwingine. Nilikataa. Nilisimama katika chumba kile kile cha nyuma cha kanisa, wanawake wote saba wakiwepo, Mama Kemunto akiwa amewahi safari hii na kukaa karibu na mlango kama mtu anayejua huenda akahitaji kuondoka. Nilisema kwa Kikipsigis, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili naye asikie. Nikasema mbegu zote zilikuwa sawa, kutoka karai moja. Nikasema huyu mama hakupendelewa na mtu; hakusikia tu ushauri wangu mbaya. Nikasema ile haikuwa dawa, ilikuwa viumbe hai, na niliwaficha kwa sababu nilidhani hawataelewa, na moto wa jikoni uliviua, na waliviweka pale kwa sababu mimi niliwaambia. Bot Chelangat alikunja mikono. "Kwa hivyo mahindi yangu uliyaua wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mtoto. Hivyo viumbe, vinafananaje? Ni kama vile vinavyochachusha mursik?"

Nilimwangalia. Nilifikiria kile kibuyu chake, na mwaka mzima niliotumia kujifunza jambo ambalo yeye alikuwa akilifanya kila siku. "Ndiyo, mama. Ndugu zao."

"Sasa si ungesema hivyo tu!" Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake haikuwa ya mahindi. "Nani anaweka mursik juu ya moto? Hata mtoto wa miaka mitano anajua kibuyu kinakaa kwa kona, kwa baridi. Wewe uliona sisi hatuna akili?" Wenzake wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu chumba kizima. Mama Kemunto alicheka mwishoni, akiwa ameshika mdomo. Bot Chelangat akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe mama ya Kisii, kuja hapa mbele. Unakaa kwa mlango ni askari?" Akamvutia kiti. Kisha akanielekezea kidole mimi: "Lete ingine. Na safari hii unalala kwangu, uone mwenyewe naweka wapi."

Nililala kwake. Aliweka mfuko kwenye kona ya vibuyu, kwenye udongo baridi, akanionyesha kwa taa ya chemni kama mtu anayemwonyesha mkaguzi. Tulipanda msimu wa pili wa mwaka huo huo, na katika mashamba yote saba mistari myeusi ilisimama. Nilikuwepo wakati wa kuvuna. Bot Chelangat alimenya gunzi la kwanza, akalizungusha, akatafuta kuvu ya waridi, hakuiona, akanirushia kifuani. Nililibeba mpaka Kedowa. Nilisomeshwa baada ya hapo, nikarudi kituoni, nikakaa kwenye meza ya upande wa pili wa mbao, na nilipopewa wasichana na wavulana wa kuosha sahani, niliwauliza wote wameona nini kabla hawajaosha. Siku hizi mbegu iliyovikwa bakteria inauzwa dukani, kwenye pakiti yenye rangi. Nyuma ya pakiti inayotoka kwa ukoo wa wale bakteria wetu kuna maandishi mengi ya wataalamu, na chini yake sentensi moja ya Kiswahili: Hiki ni kitu hai, kiweke penye baridi kama maziwa, usikiweke juu ya moto wala kwenye moshi. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Walitaka kuiondoa mara mbili ili pakiti iwe na nafasi, na mara zote mbili nilienda mwenyewe nikagonga meza.

Kwa hivyo Alhamisi, mjukuu alipomaliza kusoma na mchungaji akauliza kama kuna rafiki wa marehemu mwenye neno fupi, nilikuwa bado nimejiuma ulimi. Aliyeinuka alikuwa Bot Chelangat. Ni mzee sana sasa, anatembea kwa mkongojo, na ule unene wote umeisha, jicho ndilo limebaki. Alikataa maikrofoni. Alisema kwamba Mama Kemunto alikuwa rafiki yake, kwamba walirushiana ngumi na kugawana chumvi miaka hii yote, na kwamba maombi aliomba, ndiyo, na kelele aliwapigia. "Lakini wewe kijana," akamwambia mjukuu, "uliza kabla hujasoma. Mahindi yetu hayakuuawa na kukosa maombi. Aliyeyaua amekaa hapo, safu ya tatu, amevaa miwani." Watu wakageuka. Nikasikia masikio yakiwaka. "Nimelima tangu nikiwa msichana," akaendelea. "Wamekuja hapa watu wa mbolea, wa ng'ombe, wa chai, wa kila kitu. Mambo yakiharibika wanasema mama, ulikosea. Huyu peke yake ndiye alirudi akasema mama, nilikosea mimi. Na akarudi na mbegu." Alinyoosha mkongojo kuelekea kwangu. "Simama, Cheptoo. Wakuone."

Nilisimama, viatu vikiwa vimezama kwenye matope ya Mama Kemunto, na sikuinamisha kichwa.